Pua ya Mama Mkwe

Mama Vijiti hakuweza kukaa. Alikuwa ameshafagia sebule mara mbili, ameshapanga trei za udi kwa urefu, akazipangua na kuzipanga kwa rangi. Akafungua dirisha, akalifunga, kisha akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha nyuma kusikiliza mama mkwe wake anavyokohoa. Kilikuwa kikohozi kilekile cha miezi minne. Kilianza kwa kubisha hodi, kikaingia, kikamshika mama wa watu mpaka akajikunja kitandani.

"Mwanangu, kaa chini," sauti ilitoka ndani. "Unanichosha kwa miguu yako."

"Napita tu, Mama."

"Unapita kwenda wapi? Nyumba yenyewe vyumba viwili."

Mashine ilikuwa inakuja saa nne, na aliyeiita ni Mama Vijiti mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Mdomo huo sasa angeuweka rehani kama kungekuwa na wa kuuchukua.

Yote yalianzia kliniki, wiki iliyopita. Daktari alikuwa ameuliza swali moja dogo: nyumbani mnachoma nini? Kabla mama mkwe hajavuta pumzi ya kujibu, binti yake, wifi wa Mama Vijiti, alikwisha kujibu.

"Udi, daktari. Asubuhi udi, mchana udi, jioni udi. Kaka yangu hakuoa mke, ameoa kiwanda."

Benchi zima la wagonjwa likacheka, hata mzee mmoja aliyekuwa ameshika mbavu kwa maumivu. Mama Vijiti alisikia uso unamwaka. Miaka kumi na mmoja anaviringisha udi kwa mikono hii, wateja wanatoka mitaa ya mbali, leo anachekwa kliniki kama mwizi wa kuku.

"Udi wangu ni safi," alisema.

"Moshi safi umeuona wapi, wifi?"

Muuguzi, ambaye hakupenda kelele, alimpa karatasi kutoka chuo kikuu. Walikuwa wanatafuta nyumba zenye moshi ili wapime hewa ya ndani kwa leza, bila malipo. Mama Vijiti aliikunja karatasi ile kama cheti cha ushindi.

"Basi ije mashine," alisema. "Ipime. Tuone."

"Ikisema ni udi wako, namchukua mama siku hiyohiyo," alisema wifi. "Na sitamrudisha."

"Na ikisema siyo?"

"Nitanyamaza."

"Kukunyamazisha wewe, wifi, hiyo peke yake itakuwa sayansi kubwa."

Wakati ule ilikuwa raha kulisema. Sasa saa nne inakaribia, na raha yenyewe imeyeyuka.

Kwani kumchukua yule mama kulikuwa ni kumchukulia nini? Alipoolewa hakuwa anajua hata kuchemsha maji bila kuunguza sufuria. Mama yake mzazi alikuwa ameshafariki. Ni huyu mama mkwe aliyemkalisha kwenye kigoda, akamfundisha kukanda unga wa gome kwa gundi, kuviringisha donge juu ya njiti ya mwanzi, kuanika kivulini, kuchovya kwenye mafuta ya manukato. Na mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, aliacha yote ila kazi moja: kila fungu jipya lilipokauka, kijiti kimoja kilipelekwa chumbani kwake, kikawashwa, naye akainama juu yake na kutoa hukumu. Wateja walimwita Bibi Pua, na jina hilo lilimpendeza kuliko alilopewa na wazazi wake. Zamani alikuwa mkali. Katika mafungu matano alirudisha moja, na hakuna aliyebisha. Lakini sasa ulikuwa umepita mwaka na zaidi hajarudisha hata moja, na Mama Vijiti, kimoyomoyo, alijipongeza. Alijua ameiva.

Kuna jambo moja tu lilikuwa linamkwaruza asubuhi ile, naye alilifukuza kama inzi na likarudi kama inzi. Miezi saba nyuma, unga wa gome ulipoadimika, walianza kutumia unga mwingine. Siku ya kwanza alipowasha kijiti cha unga ule alisikia harufu, nyuma kabisa ya manukato, ya kabati jipya linalofunguliwa. Akakipeleka kwa mama mkwe. Mama mkwe akainama, akavuta moshi kwa muda mrefu, akasema safi. Naye alikuwa nani hata abishane na pua iliyomfundisha?

*

Mpimaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na viatu vya raba, na alibeba mashine yake mwenyewe, hakumwachia mtu. Ilikuwa sanduku la ukubwa wa cherehani, lenye bomba jembamba la kunyonyea hewa na waya wa kuiunganisha na kompyuta. Wifi aliingia nyuma yake. Begi tupu lilikuwa limening'inia begani kwake, wala hakujisumbua kulificha.

"Wifi, hujambo."

"Sijambo. Naona umekuja na begi."

"La kubebea nguo," alisema wifi. "Mama ana nguo nyingi."

Seremala, mume wa Mama Vijiti, alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, mkono mmoja juu ya mwingine, mtu mpole ambaye katika ugomvi wa mkewe na dada yake hakuwahi kuwa na upande. Alikuwa na ukuta tu.

Mama mkwe aliletwa sebuleni, akakalishwa kwenye kiti chenye mto. "Hiyo ndiyo pua ya chuma?" aliuliza.

Mpimaji akacheka. "Haina pua, bibi. Ina mwanga. Humu ndani kuna vioo viwili vinavyotazamana. Naingiza hewa katikati, halafu napiga mwale wa leza. Mwale unakwenda na kurudi maelfu ya mara kati ya vioo. Sasa, kila aina ya hewa ina ulafi wake. Hii inaula mwanga mahali hapa, ile pale, wala hazibadilishani. Mwanga ukitoka, naangalia umeliwa wapi na kwa kiasi gani, namjua mlaji."

"Kama panya na gunia," alisema mama mkwe. "Ukiona tundu unajua ni panya gani."

"Hasa, bibi. Wewe ungefaa chuoni."

Mama mkwe alifurahi kiasi cha kukohoa. Walimngoja amalize. Mama Vijiti alimpa maji, wifi naye akampa maji, ikabidi mama wa watu anywe vikombe viwili.

Mpimaji alianzia chumba cha nyuma. Aliacha bomba kando ya mto kwa dakika ishirini, kisha akarudi sebuleni na kuwasha vijiti kimoja kimoja ndani ya kisanduku cha kioo. Alitaka aina tatu: cha dukani, cha sasa, na cha zamani kama kipo. Kilikuwepo, katika mkebe wa mama mkwe aliyekuwa hatupi kitu. Kwenye kompyuta ulichorwa mstari, na kila hewa ilipokula mwanga mstari ulizama kama barabara iliyoingia shimo. Mama Vijiti alisimama nyuma ya Mpimaji, akaambiwa kwa upole asimpumulie shingoni, akaenda dirishani, akarudi.

Kijiti cha zamani kilichimba vishimo vidogo. Cha dukani vivyo hivyo, vikubwa kidogo tu. Kilipowashwa cha sasa, mstari ulianguka.

Mpimaji alizima, akasafisha kisanduku, akawasha kingine cha fungu lilelile. Ukaanguka palepale.

"Ni nini?" aliuliza Mama Vijiti.

"Formaldehaidi," alisema Mpimaji. "Hewa inayowasha macho na koo, na kwenye mapafu si rafiki hata kidogo. Moshi wowote unayo kiasi, wa kuni, wa sigara. Lakini hiki kina mara sita ya kile cha zamani. Na chumbani kwa bibi, kando ya mto, iko hiyohiyo, juu kuliko chumba chochote nilichopima mwaka huu." Alivua miwani. "Sikilizeni, mashine haiwezi kuapa kwamba ndiyo iliyoleta kikohozi. Inachoweza kuapa ni kwamba imo, na imetoka kwenye vijiti hivi. Mama, mlibadilisha kitu?"

Kichwani mwa Mama Vijiti kabati jipya lilifunguliwa.

Ni Seremala aliyejibu. Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kujibu haraka namna ile, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika jambo la udi alikuwa na la kuchangia.

"Tulibadilisha unga," alisema akitoka ukutani. "Haiwezi kuwa huo, maana huu ni bora zaidi. Nauleta mimi mwenyewe kutoka karakana. Ngoja." Akaingia jikoni, akarudi na gunia dogo, akachota kiganja. "Ona ulivyo laini. Unga wa mbao za msituni una nyuzi, unakwaruza. Huu ni kama poda ya mtoto. Na kila jioni nauchekecha mara mbili kabla ya kuja nao, kwa chekecho niliyoitengeneza mwenyewe. Nilisema mke wangu asihangaike kutafuta gome."

Mpimaji aliuangalia unga ule bila kuugusa. "Unatoka kwenye mbao gani, fundi?"

"Hizi za kiwandani. Za kabati. Tukizipiga msasa zinatoa..." Sauti ilianza kupungua. "Zile zinazoshindiliwa kwa..."

"Kwa gundi," alisema Mpimaji.

"Kwa gundi," alisema Seremala.

Unga ulimtoka kati ya vidole, akawa anauangalia unavyoanguka sakafuni. Yeye alikuwa anazijua mbao zile. Karakanani mabosi waliwapa barakoa za kuvaa wakizikata. Lakini nani angewaza? Karakana ni karakana, na nyumbani ni nyumbani, na unga laini ni unga laini. Alikuwa amemchekechea mama yake mzazi mara mbili kila jioni.

*

Wifi alikuwa na haki ya kufurahi, na kwa heshima yake hakufurahi. Alisimama tu, akaweka begi mezani, akavuta zipu.

"Nilisema."

"Wifi, ngoja."

"Ningoje nini? Abaki ngozi tupu kitandani? Mmemfungia mama yangu chumbani na sumu, mnamwashia kila siku kijiti kipya kama mnaijaribu kwake. Mlimtanguliza yeye ili wateja wenu wasife!"

Lilikuwa neno baya, na Mama Vijiti lilimpata pabaya, akajitetea kwa kitu cha kwanza kilichomjia mkononi.

"Kila fungu Mama alilipitisha yeye mwenyewe! Kila fungu! Alisema safi!"

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Sebule nzima ilisikia alichokifanya. Seremala aliinua kichwa. Mpimaji alijishughulisha na waya ambao haukuwa na tatizo.

"Unamtupia mgonjwa?" alisema wifi polepole. "Mama mwenye miaka sabini na nne?"

"Msigombane," alisema mama mkwe.

Aliketi wima kwenye mto wake, mikono juu ya magoti. Alionekana mdogo kuliko asubuhi.

"Mimi sinusi," alisema.

"Nini, Mama?"

"Sinusi. Harufu sisikii. Si ya udi, si ya chakula, si ya maua. Tangu ile homa ya mwaka juzi. Nilipona homa, pua haikurudi. Nilidhani itarudi, nikangoja. Nikawa nainama karibu zaidi, nikivuta zaidi, labda nitapata japo kidogo. Kuna siku nilikuwa najifunika na kijiti chini ya shuka." Alikohoa, akainua kiganja wasimsogelee. "Sikupata kitu. Nikasema safi. Nilijua mkono wa huyu mtoto, haukosei. Nikasema hata nikidanganya, nadanganya kweli."

Nje mtu alikuwa anapigilia bati, akaacha, akaendelea.

"Na yale manukato?" aliuliza wifi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Niliyokuletea kila nikija? Ulikuwa unaniambia hii tamu, hii kali kidogo..."

"Chupa zake nzuri, mwanangu."

Wifi aliketi. Hakuchagua kiti, alikalia trei ya udi, na vijiti vikavunjika chini yake, wala hakuna aliyemwambia ainuke.

Mama Vijiti alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Alikuwa na hasira, na alikuwa na huruma. Mwaka mzima alijihesabia ushindi, kumbe alikuwa anapewa alama na mwalimu aliyefumba macho.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambia, ungenipa kazi gani?"

"Usingehitaji kazi. Ungekaa tu, tungekutunza."

"Haya," alisema mama mkwe. "Umeona."

Mama Vijiti akainamisha kichwa. Angeweza kuishia pale. Mzee alikuwa amebeba lawama yote, na Seremala amebeba iliyobaki. Hakuna mtu katika chumba kile aliyekuwa anamdai neno. Lakini aliona haya, haya kamili, ya kumshika mtu masikio.

"Mimi nilinusa," alisema. "Siku ya kwanza kabisa. Nilisikia harufu ya kabati jipya. Nikaleta kwako, ukasema safi, nikajiambia pua yangu ni ya kitoto. Na kila fungu nimekuwa nikiisikia. Nimezoea, lakini nilikuwa naisikia."

Mama mkwe alimtazama. Katika uso wake hapakuwa na msamaha wala chuki. Kulikuwa na kitu alichokuwa nacho zamani, alipokuwa anarudisha mafungu.

"Basi wewe una kosa kuliko mimi," alisema. "Mimi sikuwa na pua. Wewe ulikuwa nayo."

*

Mama mkwe alikwenda na binti yake siku ileile, kama walivyoahidiana. Daktari alisema akae miezi mitatu mahali pasipo na moshi wa aina yoyote, ndipo waone mapafu yanasemaje. Wifi alifunga begi bila maneno, na alipofika mlangoni aligeuka.

"Njoo Jumapili," alimwambia Mama Vijiti. "Ila uoge kwanza. Unanuka udi."

Haikuwa sana, lakini kwa wifi yule ilikuwa hotuba.

Yaliyofuata yalikuwa ya kuchosha na, kwa mtu mwenye moyo wa kucheka, ya kuchekesha. Magunia manne ya udi mbaya yanateketezwaje? Kila aliyeulizwa alisema yachomeni, halafu akanyamaza. Mwishowe Seremala aliyaloweka kwenye pipa, akaomba gari la taka liyapeleke kufukiwa. Wateja waliambiwa warudishe walichonunua. Wengine walirudisha kwa upole. Mmoja alirudisha kijiti kimoja na maneno ya vijiti mia, akiwa amesimama barazani ili mtaa usikie. Mama Vijiti alisimama akayasikiliza yote. Seremala alivunja chekecho yake, na kwa siku nyingi aliporudi kazini alivua nguo nje, akajikung'uta kwa ukali kama anayejichapa.

Unga wa gome ulipatikana katika mwezi wa pili baada ya hapo, mbali, baada ya safari tatu. Mama Vijiti alikanda kidogo tu, akaviringisha vijiti sita vya majaribio, akaviacha vikauke. Donge lililobaki alilifunika kwa kitambaa kibichi. Kisha akavibeba vijiti vyake hadi chuoni, akaketi kwenye benchi ya maabara, akasimama, akaketi. Mpimaji aliwasha kimoja. Mstari ulizama kidogo na kuinuka.

"Kama kile cha zamani," alisema Mpimaji. "Pungufu kidogo hata. Moshi ni moshi, mama, waambie wateja wachomee mahali penye hewa. Lakini hapa sioni cha kukuzuia."

Mama Vijiti alirudi nyumbani karibu akikimbia. Alitoka nyuma ya nyumba, penye upepo, akapiga simu.

"Mama, limepita! Fungu jipya limepita!"

"Nani kasema?" Sauti ilikuwa na nguvu kidogo kuliko Jumapili.

"Mashine."

"Mashine imesema halina gundi. Wewe umesemaje?"

"Mimi... Nimekimbia kukupigia."

"Washa. Usiinamie. Acha upepo ukuletee."

Alikibana kijiti katika ufa wa ukuta, akakiwasha, akarudi nyuma hatua tatu. Moshi ulikwenda upande, ukayumba, ukamfikia. Alifumba macho. Hakuwa na wa kumpelekea. Miaka kumi na mmoja, na hii ilikuwa mara ya kwanza kunusa akijua kwamba baada yake hakuna pua nyingine.

"Eh?" ilisema simu.

"Mwanzo mzuri, Mama. Gome lenyewe nalisikia. Halafu manukato yanakuja yote kwa pamoja, yanasukumana. Halafu..." Akavuta tena. "Halafu yanaisha ghafla. Mwishoni pamebaki kitu kikavu."

"Kikavu vipi?"

"Kama kimeungua kabla hakijaiva. Nadhani gundi nimeizidisha. Au nimeanika haraka, nilikuwa na pupa."

"Kwa hiyo?"

Alikitazama kijiti. Mashine ilikuwa imekipitisha. Wateja walikuwa wanangoja, na wengi wao wasingesikia tofauti yoyote. Seremala alikuwa amechungulia mlangoni, uso wake wote ukimwomba aseme ndiyo.

"Hapana," alisema Mama Vijiti. "Hili halijawa. Siliuzi."

Upande wa pili mtu alikohoa, lakini kwa kifupi, akavuta pumzi yake vizuri.

"Sasa mimi unanipigia simu ya nini?" alisema mama mkwe, akakata.

Mama Vijiti alizima kijiti kwenye mchanga, akaingia ndani, akafunua donge na kulitia unga.